Huo "Mguu wa Kuku" wa Polisi Unaouziwa Makueni Haupo, na Binamu Yangu Karibu Atume Dipo

Ijumaa usiku, saa tano na kitu, binamu yangu wa Emali alinirushia skrinshoti kwa WhatsApp. Bastola nyeusi imelazwa juu ya kitambaa cha kijani, risasi saba kando yake zimepangwa kama meno. Chini yake maneno: "Mguu wa kuku wa polisi, umetolewa kazini. Ni mzee kidogo lakini fundi akiushika uko fiti. Mzigo uko Wote. Dipo nusu." Halafu swali lake mwenyewe: "Bro, hii ni halali ama nitachomeka?"

Nilimpigia hapo hapo.

Kabla uanze kumhukumu, wacha nikupe stori yake. Huyu si jambazi, na hana mbogi yoyote. Ana kaduka ka M-Pesa, na msimu wa ndengu ukifika anazunguka kuanzia Wote hadi Sultan Hamud akinunua kwa wakulima, pesa taslimu mkononi, halafu anauzia watu wa malori. Mwaka jana wasee watatu walimngoja jioni kwa geti yake, wakamshusha kwa nduthi, wakaenda na simu mbili na doo yote ya siku. Hakuumia sana, mkono tu ulivimba. Lakini tangu siku hiyo mbwa wa jirani akibweka yeye yuko macho mpaka asubuhi.

"Sitaki kuua mtu," aliniambia kwa simu. "Nataka tu wakijua niko nayo wasirudi."

Hiyo sentensi si yake peke yake. Nimeiskia Mwingi, nimeiskia Kitui mjini, nimeiskia kwa kinyozi Nairobi. Kila msee anayetaka bastola huanza na hiyo. Ndio maana niliamua hii stori siwezi kuimaliza kwa kumwambia tu "wachana nayo." Mimi si wakili, na chuo huko Kwa Vonza nilikiacha nikiwa mwaka wa pili juu ya fee. Lakini hiyo wikendi nilikaa na simu nikasoma Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kutoka juu hadi chini, mara mbili. Inaboesha kama manyunyu ya Juni. Lakini kuna vitu humo ndani vinaweza kukuokoa miaka kadhaa ya maisha yako.

Kwanza turudi kwa hiyo picha. Nilipoivuta ikakuwa kubwa, kwa kona ya kitambaa kulikuwa na kastika kadogo ka bei. Nusu yake ilikuwa imekatwa, lakini alama ya mbele ilionekana freshi kabisa: dola.

Hapo nikajua tunacheza na nini.

Marekani hiyo biashara ipo, na ni halali, na ni kubwa. Idara ya polisi ya mji fulani ikitaka bastola mpya inapeleka za zamani kwa muuzaji, anazipigia hesabu, anapunguza bei ya zile mpya. Miaka ya 1980 na 1990 ndio ilinoga, polisi walipoacha zile rivolva za Smith & Wesson na kuingia kwa bastola za kisasa kama Glock. Zile za zamani zikaishia kwa rafu za maduka, na raia akazinunua. Wapenzi wa bunduki huko wanazipenda juu karao hubeba bastola miaka kumi na huenda asiifyatue sana, so nje imechubuka kwa kusuguana na mfuko wa kiunoni lakini ndani bado iko poa. Kuna video kibao za wazee wa Texas wakizisafisha, wakizibadilisha springi, wakizipaka rangi upya, na muziki wa gitaa nyuma. Algoriti ikishaona umetafuta "bastola" mara moja, inakuletea hizo mpaka uote nazo.

Na hata huko hiyo dili imewarudi. Mwaka 2024 waandishi wa The Trace pamoja na CBS News walitoa uchunguzi wao: bunduki zaidi ya 52,000 zilizowahi kuwa za polisi zilipatikana zikihusishwa na uhalifu kati ya 2006 na 2022. Elfu hamsini na mbili! Nyingine ziliibiwa ama zikapotea, lakini nyingine ni polisi wenyewe waliziuza na risiti. Mji unauza bastola upunguze gharama, halafu karao wa mji mwingine anapigwa nayo risasi.

Sasa rudi Kenya. Hapa hakuna hiyo kaunta. Hakuna siku kituo cha Makindu ama cha Mutomo kinatandika meza nje na kuuza Ceska za zamani kama vile kanjo wanauza pikipiki zilizoshikwa. Bastola ya karao ni mali ya serikali kuanzia siku imeingia hadi siku imekufa. Asubuhi anaichukua kwa ghala la silaha, namba yake inaandikwa kwa rejista pamoja na idadi ya risasi. Akirudi inaandikwa tena. Ikipotea, yeye ndiye mshukiwa wa kwanza. Akistaafu anarudisha, anaenda ushago na mwavuli wake na stori zake.

Na ikizeeka? Hapo ndio kuna kitu wasee wengi hawajui. Aprili 21, 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Ndio, imepewa jina la Nairobi yetu, na hata ofisi ya RECSA inayoisimamia iko hapa. Ndani yake kuna kifungu kizima cha silaha za serikali zilizobaki, zilizozidi ama zilizopitwa na wakati: nchi ziwe na mpango wa kuzikusanya, kuzihifadhi salama, kuziharibu ama kuziondoa kwa njia ya kuwajibika. Kumuuzia muuza ndengu wa Emali kwa WhatsApp haiingii hapo hata ukiisoma ukiwa umelewa.

Pengine unakumbuka ule moto wa Ngong. Novemba 2016, William Ruto akiwa bado naibu wa rais, silaha 5,250 zilirundikwa na kuwashwa moto mbele ya kamera. Juni 2021 Uhuru Kenyatta naye akasimamia nyingine 5,144. Hizo nyingi zilikuwa haramu, zilizoshikwa ama zilizosalimishwa na wananchi, si za makarao. Lakini ujumbe ni ule ule: huku kwetu bunduki isiyo na kazi inayeyushwa. Na mpya zikitakikana, serikali ina kiwanda chake Ruiru, kilichofunguliwa Aprili 2021 kwa bilioni 4, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka.

Kwa hivyo mtu akikuambia "hii ni ya polisi, imetolewa kazini", kuna mambo matatu tu yanawezekana. Ya kwanza, ambayo ndio nyingi, hakuna bastola. Kuna picha ya Marekani, kuna namba ya simu ya mtu aliyeibiwa kitambulisho, na kuna dipo yako. Ukishatuma umeblokiwa. Utaenda kuripoti wapi? Utaandikisha nini kwa OB, ati "nilitapeliwa nikijaribu kununua bastola haramu"? Hao wasee ni wajanja, walichagua bidhaa ambayo mnunuzi wake hawezi kulalamika.

Ya pili, bastola ipo, na ni kweli ilikuwa ya karao. Basi iliibiwa, ama ilipotea, ama kuna karao alinyang'anywa nayo, na pengine hakubaki hai. Kesi za polisi kukodisha bunduki zao kwa majambazi pia zimewahi kufika kortini hii nchi. Ukiwa na hiyo chuma kwa droo yako, umejiandikisha kwa kesi ambayo haujui ilianza lini.

Ya tatu ni karao mwenyewe ndiye anakuuzia, akijifanya muuzaji, na wenzake wako kwa Probox ng'ambo ya barabara.

Binamu alikuwa na hoja moja ambayo nakubali ilikuwa ya kichwa. "Lakini jamaa anasema haifanyi kazi vizuri. Si hiyo ni chuma tu mpaka fundi aitengeneze?"

Hapo sheria ni kali kuliko venye ungefikiria. Sura ya 114, kwa maelezo yake ya mwanzo kabisa, haisemi silaha ni kitu kinachofyatua leo. Inahesabu pia kitu kinachoweza kurekebishwa kikafyatua. Na inahesabu vipande: mtutu peke yake, chemba peke yake, kipande chochote cha muhimu. Kwa hivyo ukinunua bastola mbovu umenunua silaha. Ukinunua mtutu wa bastola mbovu, bado umenunua silaha. Risasi nazo zinahitaji cheti chake, so zile saba zilizopangwa kama meno ni shtaka lingine pembeni. Na kifungu cha 4 kinasema wazi kwamba kununua, kupata ama kuwa na silaha bila cheti ni kosa. Kifungo chake kinahesabiwa kwa miaka, si kwa miezi, na si kesi ya kulipa faini uende nyumbani.

Na huyo fundi? Jua kali wetu ni noma. Nimeona msee Kitui mjini akitengeneza gia ya Probox kwa kipande cha kitanda. Lakini kurekebisha bunduki kama biashara ni kazi ya muuzaji aliyesajiliwa chini ya hiyo sheria, mwenye leseni, mwenye vitabu vya kuandika kila kitu kilichoingia na kutoka. Fundi wa welding akigusa bastola yako mmekuwa wawili kizimbani. Na ukifuta ile namba iliyochongwa ubavuni ndio isijulikane ilikotoka, umeongeza kosa la peke yake.

Kuna kitu kingine kilinipa baridi hiyo wikendi. Bastola ina kumbukumbu. Kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwa risasi inayopita, na pini yake hugonga ganda la risasi kwa namna yake, kama vile wewe una alama za vidole. DCI wana maabara yao ya uchunguzi Kiambu Road, na wataalamu wanaweza kuweka ganda lililookotwa Kasarani kando ya ganda lililotoka kwa bastola yako ya Emali na kusema: hizi zimetoka kwa chuma kimoja. Sasa fikiria. Umenunua juzi. Hujawahi kuifyatua. Lakini miaka sita iliyopita kuna mtu aliuawa nayo kwa stendi ya mathree, na leo imepatikana chini ya godoro lako. Utaambia nani ati ulinunua WhatsApp, na muuzaji alikublokia?

Ama imetumika kwa wizi wa kimabavu. Hiyo ni kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, na hukumu iliyoandikwa hapo ni kifo. Hatunyongi watu siku hizi, lakini wako watu Kamiti wanaohesabu miaka juu ya hicho kifungu. Silaha ya zamani inauzwa rahisi kwa sababu moja tu: aliye nayo anataka itoke kwa mkono wake iingie kwa wako.

Poa. Nikamwambia binamu, kama unataka mguu wa kuku kabisa, kuna njia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Enda."

Njia ni Bodi ya Leseni za Silaha. Unaomba cheti. Wanataka sababu ya maana, na "naogopa" pekee si sababu kwao, lakini mfanyabiashara anayebeba pesa ana kitu cha kuonyesha. Wanataka cheti cha tabia njema kutoka DCI, wanataka kujua akili yako iko sawa, na sheria yenyewe inasema mlevi asipewe. Hapo binamu alicheka kidogo, juu tunamjua mjomba mmoja ambaye angekwama kwa hicho kipengele tu. Ukipata cheti ndio unaenda kwa muuzaji aliyesajiliwa, na wengi wako Nairobi, si Wote. Bei ni laki kwenda juu, na hapo haujahesabu nauli, mafunzo, sefu ya kuifungia, na kurudi tena na tena ofisini.

Bastola iliyotumika pia unaweza kuipata kihalali, usidhani lazima iwe mpya. Mwenye cheti anaweza kumpa mwingine mwenye cheti, mradi bodi ijue na namba ihame kwa karatasi. Kuna wazee waliokuwa na bastola tangu enzi za Moi, wakifa familia haiwezi kuikalia tu kama saa ya ukutani, lazima irudishwe kwa polisi ama ipate mtu mwenye cheti. Hiyo ndio "bastola mzee" ya halali hapa Kenya. Na usafi wake, springi zake, kila kitu, kinafanywa na muuzaji mwenye leseni. Inachukua muda na inachosha. Lakini hakuna mtu atakugongea saa tisa usiku.

Na hata hawa wenye vyeti serikali imewahi kuwakazia. Desemba 2018 Fred Matiang'i, akiwa waziri wa usalama wa ndani, aliamuru kila raia mwenye bunduki aende akachunguzwe upya. Miezi michache baadaye ikatoka kwamba asiyejitokeza bunduki yake ni haramu. Halafu Januari 17, 2020, DJ Evolve akapigwa risasi ya shingo pale B Club Kilimani, na nchi nzima ikaanza tena kuuliza bastola zinafanya nini kwa meza za pombe. Small Arms Survey walikadiria mwaka 2017 kwamba raia Kenya wana bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa hazifiki hata 10,000. Soma hizo namba mbili tena polepole. Sisi tunachunguza kafungu kadogo ka wenye karatasi, na ile bahari ingine iko huko nje.

Sasa hapa ndio nataka tukae kidogo, juu hadi sai nimeongea kama mtu wa Nairobi anayemfokea ndugu yake wa ushago. Kuna upande mwingine.

Mamangu ametoka upande wa Ngomeni, Mwingi Kaskazini. Ukitoka hapo uelekee mashariki unaenda Tana River, na katikati ni kichaka, korongo, na barabara ambayo mvua ikinyesha inageuka mto. Kiangazi kikikaza, ngamia wanakuja kutoka Garissa na Tana River kutafuta majani. Wenyewe wana kiangazi pia, hilo nakubali, na ngamia hajui mpaka wa kaunti. Lakini ngamia hamsini wakipita kwa shamba la ndengu usiku mmoja, hiyo ni fee ya mtoto imeliwa. Ukilalamika, wengine wa hao wachungaji wana AK-47. Watu wameuawa Kitui hivyo, si mara moja wala mbili: upande wa Ngomeni na Tseikuru, upande wa Ukasi, upande wa Mutha na Endau. Kuna miaka shule zimefungwa na familia zimelala kwa vituo vya soko.

Mjomba wangu wa huko ana uta. Ndio, uta na mishale. Wakamba tunasifiwa kwa hiyo, watalii wanapigwa picha nayo. Nilimuuliza kama inasaidia. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama maji ni maji. "Mwanangu," akasema, "yule ako na risasi thelathini. Mimi niko na mishale minne, na mmoja umepinda."

Na huku, cheki hii, bunduki za zamani za polisi zipo. Kihalali kabisa. Ni za NPR, askari wa akiba wa polisi. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inawatambua kama watu wa kujitolea. Kwa miaka mingi wenzao kote nchini wamekuwa wakipewa G3 na ile Mark 4, Lee-Enfield yenye muundo wa Vita vya Pili vya Dunia, ambayo kila ukifyatua lazima uvute bolti kwa mkono kabla ufyatue ingine. Chuma ambayo babu yako angeitambua. Wanaenda nayo kukabiliana na mtu mwenye AK. Na haiwi yao. Ina namba, iko kwa kitabu, OCS akiitaka anaichukua. Agosti 2019 serikali ilifanya hivyo hivyo kwa maeneo ya Bonde la Ufa: ikawanyang'anya NPR bunduki ikisema baadhi wanazitumia vibaya, na watu wakabaki wakiangalia mlima. Baadaye ikarudi kuandikisha wapya baada ya kuwachuja.

Kwa hivyo jibu la swali la binamu, ati mwananchi wa kawaida anaweza kushika bunduki mzee ya karao, ni ndio. Lakini huwezi kuinunua. Unaazimwa, unapewa risasi za kuhesabu, na unaambiwa ulinde kijiji. Wanasiasa wa Ukambani wamekuwa wakidai NPR zaidi kwa huo mpaka wa Kitui, na mimi nawaunga mkono nikiwa na wasiwasi wangu. NPR bila mafunzo na bila malipo ya maana ni kijana mwingine mwenye bunduki na njaa. Lakini NPR aliye kwa rejista namjua ni nani na bunduki yake ni namba gani. Yule wa WhatsApp simjui.

Angalia ramani. Kitui ina kilomita za mraba 30,430. Nairobi ingeingia humo zaidi ya mara arobaini. Watu, kwa sensa ya 2019, walikuwa 1,136,187, na Makueni 987,653. Ukipiga simu polisi ukiwa Kilimani, land cruiser itakuja ikiwa imechelewa. Ukipiga ukiwa ndani kabisa ya Tseikuru, kwanza tafuta mti wenye network. Emali iko kwa barabara ya Mombasa, ina taa, ina reli mbili, lakini hata hapo binamu alisubiri mpaka kesho yake ndio mtu akamwandikia stetimenti. Watapeli wanajua hii hesabu kuliko serikali. Hawauzi bastola Karen. Wanauza mahali karao yuko mbali na pesa ya mavuno iko karibu.

Ndio maana mimi naona kukataa kuuza bastola za zamani za polisi ni sawa kabisa, asilimia mia, na sitaki mtu alete ile ya Marekani hapa. Nina shida na kitu kingine. Tunapenda moto wa Ngong kwa sababu unapigwa picha vizuri. Viongozi wanasimama, moshi unapanda, namba inasomwa. Sijawahi kuona sherehe ambapo mtu anasimama na kusoma: mwaka huu bastola za polisi zilizopotea ni hizi, vituo vilivyozipoteza ni hivi, zilizorudi ni hizi. Hiyo ndio namba ningependa kusikia, juu hiyo ndio inaweza kuishia Wote chini ya kitambaa cha kijani. Na serikali ikishasema mwananchi asijilinde mwenyewe, imebeba deni. Huko Ngomeni hilo deni bado wanalidai.

Binamu hakutuma dipo. Alimwandikia yule muuzaji ati amtumie video akishika hiyo bastola na gazeti la siku hiyo. Jamaa akasoma, akanyamaza, akamblokia. Wiki mbili baadaye picha ile ile, kitambaa kile kile, ilizunguka kwa grupu ingine, sasa ikiitwa bastola ya KDF na mzigo ukiwa Machakos. Bei ilikuwa imepanda.

Sai ameweka grili mpya kwa duka na taa ya sola kwa geti. Wakulima wa ndengu wengi anawalipa kwa simu, hata kama wanalalamikia makato. Jioni anatoka na boda wawili anaowajua, na anapita njia tofauti kila siku. Bado halali vizuri, aliniambia ukweli. Lakini Jumapili alinirushia picha ingine: lijibwa kubwa jeusi limekaa kwa mlango wa duka, masikio juu. Ati amelinunua kwa msee wa Kibwezi, na huyo msee ameapa kwamba alikuwa mbwa wa polisi, amestaafu juzi.

Nimemwambia aulize vet kwanza.